Mkulima Ambaye Reli ya Tanga Haikumhesabu

Mwaka 1896 treni ilikuwa tayari inakwenda kutoka Tanga hadi Muheza, kilomita 40 hivi za njia ya mita moja, na hapo ikakwama. Si kwa sababu ya mlima wala mto. Kampuni ya Kijerumani iliyoanza kazi mwaka 1893 ilikuwa imeishiwa fedha, na mzigo uliotarajiwa kuilipa haukuonekana. Mwaka 1899 serikali ya koloni ikalazimika kuichukua reli hiyo, ya kwanza ya Tanganyika, ili isigeuke chuma chakavu ndani ya minazi ya Bonde. Tumezoea kusimuliwa kwamba reli ndiyo iliyofungua kilimo cha kaskazini: chuma kikatangulia, mashamba yakafuata, mji ukaota penye stesheni. Lakini katika miaka hiyo ya mwanzo chuma kilikuwapo, stesheni zilikuwapo, na kilimo kilichotarajiwa hakikuwapo. Kwa hiyo la kujiuliza ni nani hasa aliyekuja kuiokoa, na kama wapangaji walikuwa wamemwona. Jibu langu ni kwamba hawakumwona. Reli ya Tanga ilijengwa mara mbili kwa ajili ya mkulima aliyeshindwa, ikaokolewa mara mbili na mkulima ambaye hakuwa kwenye hesabu, na kosa hilo la kuhesabu limeitafuna reli ya mashambani nchini kwetu kuliko malori na kuliko kutu.

Mkulima wa kwanza kuhesabiwa alikuwa mzungu wa kahawa. Milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza, ilikuwa na msitu mnene wenye unyevu, na Wajerumani walioutazama walidhani kwamba penye miti mikubwa pana udongo mkubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 mashamba yakafyekwa Derema, Nguelo na kwingineko, na kahawa ikapandwa kwa matumaini makubwa. Miche ya mwanzo ilistawi. Baada ya miaka michache mavuno yakaporomoka, kwa kuwa rutuba ya msitu ule ilikuwa katika majani yaliyooza juu, na chini yake palikuwa na udongo uliooshwa na mvua za karne nyingi. Ukitembea huko leo utakuta chai, si kahawa. Reli iliyokuwa ikisubiri magunia kutoka mlimani ikabaki inasubiri.

Mkulima wa pili hakuwa kwenye mpango hata kidogo, na alikuja kwa njia ambayo mtunzi wa riwaya angeogopa kuiandika. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alisoma habari za mkonge, akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai pwani ya Pangani mwaka 1893 ilikuwa 62. Kutokana na miche hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyotanda kutoka Tanga hadi Korogwe na kupanda bonde la mto Pangani, na mwaka 1913, miaka 20 tu baadaye, koloni iliuza nje tani 20,000 hivi za singa, yaani nyuzi za mkonge, zao lililotangulia mengine yote kwa thamani. Angalia mwendo wa reli sambamba na mwendo wa zao: Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, kisha Moshi mwaka 1911, jumla ya kilomita 352 kutoka baharini. Reli iliyofilisika Muheza ikapata miguu mkonge ulipoanza kukatwa.

Inafaa kueleza kwa nini mkonge na reli viliingiana vizuri hivyo, kwa kuwa ndipo siri ya jambo zima ilipo. Jani la mkonge ni maji na nyama ya kijani. Katika kila kilo 100 za majani zinatoka singa kilo nne hivi. Mkataji anakata kwa kisu, anaondoa mwiba wa ncha, anafunga matita, anayapanga kandokando ya reli ndogo ya shambani. Majani hayawezi kulala siku nyingi, yakikauka singa hazichambuki vizuri, kwa hiyo vitoroli vinayakimbiza kwenye korona, mashine inayoponda nyama kwa ngoma zenye mapanga huku maji mengi yakipita. Singa zinazotoka zinaanikwa juani kwenye nyaya, zinapigwa brashi, zinabanwa kuwa marobota mazito. Robota la mkonge lina sifa zote anazozipenda mtu wa reli. Halivundi kama chungwa. Halina msimu mfupi kama kahawa, maana mkonge unakatwa mwaka mzima, masika na kiangazi. Tena ni zito na bei yake kwa kilo ni ndogo, kiasi kwamba hakuna msafara wa wapagazi ambao ungeweza kulifikisha baharini na bado likaacha faida. Kahawa ya thamani ingeweza kubebwa kichwani, na pembe za ndovu zilibebwa hivyo kwa karne nzima. Mkonge bila reli ungebaki mmea wa uzio.

Hapo anayetaka kunipinga ana silaha yake ya kwanza, na ni nzuri: kama mkonge usingewezekana bila reli, basi reli ndiyo iliyoleta kilimo, na simulizi ya zamani ni sahihi. Nakubali nusu. Bila reli mkonge usingefika Korogwe. Lakini reli hiyo hiyo, kwenye ardhi hiyo hiyo, ilishindwa kulipa gharama zake kwa miaka kadhaa kabla ya mkonge, na haikuwa na uwezo wowote wa kuuzaa. Reli ni sharti la lazima. Si sababu inayotosha. Tena mkonge haukusimama kwa chuma na udongo peke yake. Ulisimama kwa watu waliolazimishwa. Huko Usambara Magharibi, wilaya iliyoitwa Wilhelmstal na ambayo leo ni Lushoto, Wajerumani walianzisha mwaka 1907 utaratibu wa kadi ya kazi uliomtaka kila mwanamume Msambaa awafanyie walowezi kazi siku 30 katika kila miezi minne. Baadaye, chini ya Waingereza, wenye mashamba waliunda mwaka 1944 shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, nao manamba wakaletwa kutoka Kigoma, Songea, Umakonde na hata Burundi, kila mmoja na kipande chake, kadi ya kukamilisha siku 30 za kazi. Wapangaji wa reli walihesabu tani. Hawakuhesabu kwamba nyuma ya kila robota palihitajika mtu aliyetolewa kwao kwa kodi ya kichwa.

Ramani yenyewe inaonyesha reli ilimlenga nani. Kutoka Korogwe inafuata bonde la Pangani, chini ya milima ya Usambara na Upare, ikipita Mombo, Mkumbara, Buiko na Same. Watu wengi na mashamba yao ya chakula hawakuwa huko bondeni penye joto na mbu. Walikuwa juu, Lushoto, Bumbuli, Mlalo, Usangi, Ugweno. Kampuni ya mbao ya Wilkins na Wiese ilipotaka kuteremsha magogo kutoka msitu wa Shume, ilijengewa waya wa kuning'inia uliovuka magenge hadi stesheni ya Mkumbara. Hakuna aliyewajengea waya wakulima wa mahindi na maharage. Kwao treni ilikuwa kitu cha kutazamwa kutoka ukingoni, mita 1,000 na zaidi chini ya mashamba yao.

Mwisho wa reli, Moshi, kosa la kwanza likarudiwa. Reli ilivutwa hadi Kilimanjaro ili kuwahudumia walowezi waliogawiwa ardhi miguuni mwa mlima, na Waingereza wakaisogeza hadi Arusha mwaka 1929 kwa fikra za aina hiyo hiyo. Kahawa ya Wachaga haikuwa sehemu ya hesabu hiyo. Kwa baadhi ya walowezi ilikuwa kero. Walidai kwamba mashamba madogo yangeeneza magonjwa na kwamba kahawa yao ingeibwa na kuchanganywa na ya Mwafrika, wakataka serikali izuie. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1920, akaenda kinyume nao na kuwahimiza Wachaga wapande. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha kuilinda kahawa, kikiongozwa na Joseph Merinyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kikazaa KNCU, ushirika mkubwa uliojenga shule, ukapeleka vijana vyuoni na kusimamisha jengo lake Moshi mjini. Kihamba, shamba la nyumbani la Mchaga lenye migomba na mibuni michache chini yake, kikawa mteja wa reli. Safari ya pili, aliyejaza mabehewa hakuwa yule aliyewekewa nafasi.

Ila mabehewa hayo hayakwenda Tanga yote, na hapa panahitaji uangalifu. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, reli ileile iliyomwezesha kamanda wa Kijerumani Lettow-Vorbeck kuteremsha askari wake kutoka Moshi na kuwashinda Waingereza mjini Tanga, Novemba 1914, ilifunguliwa mlango wa pili upande wa juu: Waingereza walijenga njia kutoka Voi, wakaiunganisha na ya Tanga huko Kahe. Vita ilipokwisha mlango ule ukabaki. Sasa mfanyabiashara wa Moshi alikuwa na bahari mbili za kuchagua. Mombasa ilijengewa gati za kina kirefu Kilindini katika miaka ya 1920. Tanga meli zilitia nanga mbali na mzigo ukasogezwa kwa matishari, ukapakiwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Sehemu kubwa ya mzigo wa Moshi na Arusha ikavutwa kwenda Voi. Kwa hiyo reli ya Tanga ilipompata mwokozi wake wa pili, jirani alikuwa tayari ameinyang'anya sehemu kubwa ya faida, na ikazidi kuegemea mkonge wa huku chini. Tanga haikupata gati ya kufungia meli kubwa hadi maboresho ya bandari yaliyokamilika juzijuzi tu, miaka 130 hivi baada ya reli kuanza.

Kama kuna mahali ambapo kosa la kuhesabu lilifanywa wazi, bila hata aibu ya kulificha, ni kusini. Baada ya vita ya pili Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia, ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta: Kongwa, Urambo na Nachingwea, ekari zaidi ya milioni tatu kwenye karatasi. Nachingwea ikajengewa reli yake, kwanza kutoka Mkwaya karibu na Lindi, kisha kutoka bandari mpya ya Mtwara. Mwaka 1951 mpango wa karanga ukatangazwa kufa, baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Reli ikabaki inahangaika na mzigo kidogo wa wenyeji, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, chuma kikang'olewa. Angekuwapo mtu wa kusubiri! Kwa sababu katika nchi ile ile, Masasi, Newala na Nachingwea, wakulima wadogo walikuwa wanapanda mikorosho, bila trekta na bila shirika la London, na msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, nyingi zikitoka kusini. Mzigo ulifika wakati reli imeshaondoka. Sina maana kwamba kila reli tupu isubiriwe miaka 20. Hazina ya nchi changa isingeweza. Nasema kwamba mtu aliyekwenda Masasi mwaka 1955 na kuhesabu mikorosho michanga badala ya matrekta yaliyolala, angeandika ripoti nyingine.

Mtu anaweza kuniambia kwamba nimechagua mifano inayonifaa, na anitajie Mwanza. Nimtajie mwenyewe. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na pamba ya Wasukuma ilikuwa miongoni mwa mizigo iliyotazamiwa. Miaka ya 1950 vyama vya ushirika vya Usukuma vilikuwa vinapakia pamba kwa wingi ambao mashamba ya walowezi hayakuwahi kuukaribia. Lakini mfano huo haunipingi. Pale mkulima mdogo alipoingizwa kwenye hesabu, reli ilipata mzigo uliodumu kwa vizazi.

Pingamizi la malori ndilo linalosikika zaidi, na wengi wanalichukulia kama jibu kamili: barabara ya lami ilikuja, lori likafika mlangoni kwa mteja, treni ikafa. Mpangilio wa matukio haukubali urahisi huo. Mwaka 1963, nchi ikiwa huru na malori yakiwa tayari yanatembea, kilifunguliwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu, kikaiunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati, na mwaka uliofuata mkonge ukafikia kilele chake, karibu tani 230,000. Reli ilikuwa na kazi. Kilichofuata ni kuanguka kwa mzigo wenyewe. Kamba za nailoni na za plastiki zilishusha bei ya singa duniani. Mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 na yakakosa wa kupanda upya mkonge uliozeeka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama sehemu moja ya kumi ya ule wa kilele. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, shirika la reli likagawanywa. Lori lilikuta reli iliyokwisha kupoteza mteja wake mkubwa. Lilichukua kilichosalia, kama fisi anavyochukua mnyama aliyekwisha kuanguka.

Hata lawama ya usimamizi mbovu, ambayo ni ya kweli, ina mipaka yake. Ubinafsishaji wa mwaka 2007, ambapo kampuni ya RITES ya India ilipewa asilimia 51 ya hisa, haukuitengeneza reli, na serikali ikarudi kuimiliki. Treni ya abiria ya Moshi ilikuwa imekoma tangu miaka ya 1990, ya mizigo nayo ikakoma, na nyasi zikaota kati ya mataruma. Meneja bora angepunguza hasara. Lakini hakuna meneja anayeweza kupakia robota ambalo halikuzalishwa, na wale waliorithi reli ile walirithi mstari uliochorwa kwa ajili ya zao moja, bila barabara nzuri za kuteremsha mazao mengine kutoka milimani na bila maghala ya vyama vya ushirika karibu na stesheni.

Treni imerudi. Julai 2019 mabehewa ya mizigo yalifika tena Moshi, Desemba mwaka huo ikaja treni ya abiria kutoka Dar es Salaam, na Oktoba 2020 Arusha ikasikia honi. Mwezi wa Desemba, watu wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani, tiketi zinagombewa, na picha za mabehewa yaliyojaa huonyeshwa kama ushahidi kwamba reli imefufuka. Ni ushahidi mdogo. Reli ya mashambani inaishi kwa mzigo wa Machi na wa Julai, si kwa shangwe ya Krismasi. Wala nisimdanganye mkulima wa machungwa wa Muheza au wa kabichi wa Lushoto: mzigo wake unavunda, unataka gari linalofika shambani usiku na Kariakoo alfajiri, na treni ya mita moja haitamshinda dereva wa fuso. Mzigo ambao treni inaweza kuupata ni ule usiokuwa na haraka. Mbolea na saruji kupanda. Mahindi, maharage, kahawa na mkonge kushuka. Mkonge wenyewe umeanza kupandwa tena, na safari hii wapo wakulima wadogo wanaoulima Korogwe na Muheza.

Sasa inazungumzwa reli mpya ya kisasa kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, na nyingine kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay. Zinapotetewa, linalotajwa kwanza ni magadi, makaa ya mawe na chuma. Madini yanalipa, sikatai; lakini walowezi wa kahawa walitajwa hivyo hivyo, na karanga zilitajwa hivyo hivyo. Kabla taruma la kwanza halijalazwa, wizara na Shirika la Reli (TRC) watangaze makadirio ya mzigo kwa kila stesheni, ya mgodi mbali na ya mkulima mbali, ili mtu yeyote aweze kuyasoma na kuyapinga. Na viongozi wa vyama vya ushirika vya Korogwe, Same, Hai, Masasi na Tandahimba wasisubiri kuulizwa: waandike tani zao za msimu na wazipeleke wenyewe.